Kisu cha Mboga na Kisu cha Samaki

Watu wote waliokuja kuniaga walizungumza juu ya baridi. Jirani aliniletea soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Mama mmoja wa kanisani alinishauri nivae nguo mbili mbili kabla hata ya kushuka kwenye ndege. Binamu yangu, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa nchi hii, alinieleza kwa kirefu jinsi theluji inavyoingia kwenye viatu. Niliitikia na kushukuru. Lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye visu.

Nilikuwa nimepata kazi ya upishi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo wa Uskoti ulio kando ya bahari. Kabla ya hapo nilipika miaka mingi katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Bomet, ambako ugali husongwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe na sukuma wiki huletwa kwa magunia. Kazi hiyo ilinifunza kwamba kila mpishi ana kisu chake, na mkono ukishakizoea, kingine chochote utakiona kama cha kuazima. Siku yangu ya mwisho wenzangu wa jikoni walininunulia kisu kikubwa kipya, wakakifunga kwa karatasi ya maua. Nilikipenda. Ila visu nilivyotaka kusafiri navyo vilikuwa nyumbani kwetu, juu ya Kipkelion, vimechomekwa kati ya ubao na ukuta wa jiko la mama. Vilikuwa viwili, na inabidi nieleze vilikotoka.

Baba alikuwa mtu wa ziwani. Alikuja huku akiwa kijana, akapata kazi ya reli pale Fort Ternan wakati treni za abiria zilikuwa bado zinapita, na hakurudi tena kwao ila kwa mazishi na Krismasi. Mama ni Mkipsigis wa vilima hivi hivi. Walipooana kila mmoja alikuwa na lugha yake, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Kiswahili, Kiswahili cha huku kwetu kisichojali sana ngeli. Mama husema "pado" badala ya "bado" na "pasi" badala ya "basi". Baba alimtania kwa hayo miaka yote, na mama alimtania yeye kwa jinsi alivyoshindwa kutamka jina la ukoo wa mkewe.

Mama alipoingia katika nyumba ya wafanyakazi wa reli akiwa bibi arusi, alikuta kisu kimoja tu. Kilikuwa cha baba, kirefu na chembamba, alichokuja nacho kutoka kwao, na kilinuka samaki. Mama hakuwa amewahi kula samaki maishani mwake. Kwao samaki hakuhesabiwa kuwa chakula. Alikichukua kile kisu akakinusa, akakisugua kwa majivu, akakinusa tena, kisha akakirudisha mahali pake. Siku hiyo alikata mboga ya managu kwa vidole. Baba aliporudi kutoka kazini na kuona majani mazima mazima kwenye sahani yake, aliuliza kulikoni.

"Hiyo kisu yako inanuka," mama alimwambia. "Siwezi kukupikia nayo."

"Sasa utakata na nini?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Jumamosi iliyofuata baba alipanda treni hadi Kipkelion, akaingia kwenye duka la vyombo, akarudi na kisu kifupi chenye mpini wa mbao. Alikiweka mezani mbele ya mama, akaenda kuoga. Mama alipenda kutusimulia kisa hicho akichambua mboga, na kila mara alimalizia hapo hapo: akaenda kuoga. Hakuongeza kwamba alifurahi.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa na kisu cha mboga na kisu cha samaki, na mtoto aliyevichanganya alijua atakachopata. Baadaye mama alijifunza kula samaki, hata akawa anagombania kichwa, lakini visu havikuchanganywa kamwe. Cha samaki kilikuwa cha baba. Ndugu zake walipotuletea ngege, wale samaki wa ziwani, baba alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, akaparua magamba kwa mgongo wa kile kisu, nami nikamshikia mkia. Magamba yalirukia nywele zangu, na siku ya pili shuleni wenzangu waliniuliza nimejipaka nini kinachometameta.

Cha mboga kilikuwa cha mama. Alikinoa juu ya jiwe lililo karibu na mtungi wa maji, kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai, mara tatu nne tu, kama mtu anayefuta kioo. Kwa kunolewa hivyo miaka yote kilikonda. Mimi nilipokuwa na umri wa kutumwa jikoni kilikuwa na upana wa vidole viwili. Nilipokuwa mtu mzima kilikuwa kama jani la mwanzi. Mpini wa kwanza ulipasuka, kaka yangu akatengeneza mwingine kwa mzeituni wa porini na kuuzungushia utepe wa tyubu ya baiskeli. Kwa kisu hicho mama hukata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi. Hana haja ya ubao. Hukusanya majani, akayakunja mkononi, akayabana kwa kidole gumba, na kisu kikapita mbele ya kidole kile kwa kasi ambayo wageni hawapendi kuitazama.

Baba alipougua mara ya mwisho aliniambia kisu cha samaki nichukue mimi, kwa kuwa mimi ndiye mpishi. Kwa hiyo kimoja kilikuwa changu tayari. Kilichobaki kilikuwa kumwomba mama kingine.

Wiki ya kuondoka nilitandaza taulo kitandani, nikaweka juu yake kisu cha shule na kisu cha baba. Mama aliingia na kikombe cha chai, akasimama akivitazama.

"Unapepa visu?"

"Nabeba, mama."

"Kwani huko hawana?"

"Wanavyo."

"Sasa?"

Nilijaribu kumweleza jinsi mkono unavyozoea. Alinisikiliza huku akipuliza chai ambayo ilikuwa yangu. Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Mama, nilitaka kukuomba na kile cha mboga."

Alitazama dirishani. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza kupiga mabati, ile inayokuja kila siku saa za kupeleka majani ya chai kwenye kituo.

"Hiyo ni ya hapa," alisema.

"Nitakununulia kingine kizuri."

"Sijasema nataka kisu nzuri. Nimesema hiyo ni ya hapa."

Akaniwekea kikombe dirishani, akatoka kwenda kumwangalia ndama. Sikukasirika. Nilijua nimeomba kitu kikubwa. Lakini nilipofunga sanduku siku hiyo niliona kama nimepakia kiatu kimoja.

Kufunga visu kulikuwa kazi ya kaka. Yeye ni seremala, na ana heshima ya seremala kwa kitu chenye makali. Alikata kadibodi ya katoni ya biskuti, akaikunja iwe ala, akaingiza kila kisu, akafunga kwa seloteipu kutoka ncha mpaka mpini. Kisha akaviviringisha ndani ya taulo na kulifunga taulo kwa kamba.

"Mtu wa mizigo akiingiza mkono asiumie," alisema. "Hajui wewe ni nani. Atafikiri ulimtegea."

Juu ya kadibodi aliandika kwa kalamu ya kupimia mbao, herufi kubwa: VISU VYA JIKONI. Nikamwambia huko hawasomi Kiswahili. Akasema wakiona mtu amejitahidi kuandika wataelewa si jambia.

Tuliondoka nyumbani alfajiri. Mama hakuja Nairobi. Kaka alikuwa ameazima gari la rafiki yake na kulikuwa na nafasi, lakini mama alikataa mapema kabisa. "Sitaki kuona mtoto anaingia mlango ambao mimi siwezi kuingia," alisema, na hakuna aliyembishia. Mchungaji aliomba, jirani zetu wakaimba ubeti mmoja, mama akanishika kichwa kwa mikono miwili na kusema "Saisere," ile kwaheri ya Kikipsigis yenye baraka ndani yake. Halafu akampa kaka mfuko wa chakula cha safari. Sikuupokea mimi kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa.

"Kuna viazi vitamu, ndizi na avokado," alimwambia. "Asile chakula ya ndege kama hajajua ni nini."

Njia nzima mpaka Nairobi ule mfuko ulikaa nyuma ya kiti cha kaka, na hakuna aliyeufungua.

Uwanjani kaka hakuruhusiwa kupita mlango wa wasafiri. Alinisubiri nje na mfuko wa chakula wakati mimi nikipeleka sanduku kupimwa. Nilipomwambia kijana wa kaunta kwamba nina visu ndani, aliuliza tu kama vimefungwa vizuri. Sanduku likalazwa kwenye mkanda, likaenda. Nikatoka tena nje kumuaga kaka. Sisi si watu wa kukumbatiana, lakini tulikumbatiana, na mfuko ukabanwa katikati yetu. Kisha akaniachia mfuko, akageuka haraka akaelekea kwenye magari. Nami nikarudi mlangoni, nikaweka mfuko na mkoba wangu kwenye mashine ya kukagua.

Mkanda ulisimama. Ofisa aliyekuwa akitazama kioo cha mashine alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Aliuliza mfuko ni wa nani.

"Ni wangu. Ni chakula tu."

"Umeweka kisu kwenye chakula?"

"Hapana, madam. Visu vyangu viko kwenye sanduku, na sanduku limeshaenda."

Alivaa glavu, akatoa viazi vilivyofungwa kwa jani la mgomba, akatoa ndizi, akatoa avokado mbili. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cha meza cha mama, kile chenye maua aliyoshona mwenyewe, kimekunjwa kiwe kitu chembamba. Alikikunjua juu ya meza ya bati. Nilijua ni nini kabla hajamaliza, kwa sababu niliona utepe wa tyubu.

Nilishika ukingo wa meza. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu na mmoja aliguna.

"Ni cha mama yangu," nilisema. "Alinikatalia. Sasa ameniwekea bila kuniambia."

Ofisa alikitazama kisu, akatazama avokado. "Alitaka uwe na kitu cha kukatia," alisema. "Hawa wazazi wetu hawajui mambo ya hapa. Wangu aliwahi kuniwekea kibuyu cha maziwa." Kisha akarudia sauti ya kazi. "Hiki hakiingii. Una mtu nje?"

Nilimpigia kaka. Alikuwa ameshatoka, yuko barabarani kati ya malori, hawezi kugeuza mpaka afike kwenye mzunguko. Nikatazama saa ukutani, nikatazama foleni ya paspoti iliyokuwa ikizunguka kama nyoka. Sikuweza kumsubiri na sikuweza kukipita na kukiacha. Nadhani yule ofisa alinisoma usoni.

"Enda," alisema. "Niko hapa mpaka mchana. Mwambie ndugu yako aje kwenye huu mlango aulize mama mwenye miwani. Nitampa mkononi."

Sikumuuliza jina. Alikikunja kisu tena ndani ya kitambaa, taratibu, kwa mikunjo ile ile aliyoikuta, akakiweka kando yake kwenye droo. Chakula alinirudishia chote. Niliondoka huku nikigeuka nyuma, si kwa sababu sikumwamini, bali kwa sababu nilikuwa nimempa mtu nisiyemjua kitu ambacho mama hakuwahi kumwazima hata dada yake.

Nikiwa nimekaa kwenye viti vya kusubiria ndege, simu ililia. Kaka alikuwa amenitumia picha: kisu juu ya dashibodi, kitambaa kimefunguliwa, na mbele yake kioo cha gari chenye vumbi la nyumbani. Chini aliandika, "Nimekipata. Nile nini sasa na wewe umebeba viazi?" Nilicheka na kulia. Avokado nilizimenya kwa kucha nikazila nikiwa nimeinamia mapaja, na watu wakanitazama.

Sanduku lilifika Uskoti likiwa zima. Nilipolifungua katika chumba nilichopewa, ghorofani, dirisha likitazama paa za mawe zenye unyevu, kitu cha kwanza kunifikia kilikuwa harufu ya moshi. Nguo zote nilikuwa nimezifua. Harufu ilitoka kwenye kadibodi ya kaka, iliyokaa miezi juu ya dari ya jiko. Nilivitoa visu, lakini zile ala za kadibodi sikuzitupa mpaka harufu ilipoisha.

Kazini sikuvitumia. Msimamizi wa jikoni, mwanaume mpole mwenye ndevu nyekundu, alinionyesha visu vyao vyenye mipini ya plastiki ya rangi: kijani kwa mboga, nyekundu kwa nyama, buluu kwa samaki. Nilitabasamu alipofika kwenye samaki. Alifikiri nimefurahia rangi. Nilipomwambia nitakuja na changu kutoka nyumbani kesho, uso wake ulibadilika. Akanieleza kwamba pale mtu hatembei barabarani na kisu kwenye mkoba bila sababu nzuri, na hata akiwa nayo, polisi anaweza kumsimamisha aeleze.

Jioni hiyo nilitembea kurudi chumbani nikifikiria barabara yetu ya Kipkelion wakati wa asubuhi. Mzee anapita na panga begani, msichana na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, mtu wa bodaboda amefunga shoka kwenye kiti cha nyuma. Unawaamkia, wanakuuliza kama mvua ilinyesha upande wenu. Sikuwalaumu watu wa pale. Kila nchi ina kitu inachokiogopa. Ila nilijiona niko mbali sana, kuliko nilivyojiona ndani ya ndege.

Kisu cha baba kikawa cha chumbani. Siku za mapumziko nilikwenda bandarini kununua samaki wazima, wale wanaoonekana kama wamekasirika, nikawaparua kwenye sinki la jikoni tulilotumia pamoja na wauguzi wawili. Kilifanya kazi yake kama zamani. Mboga ndizo zilizonishinda. Kabichi yao nyeusi yenye mikunjo inakaribia sukuma wiki ukiikata nyembamba sana, na mimi sikuweza kuikata hivyo. Kisu cha shule kilikuwa kizito, cha baba kirefu. Nilikula mboga nene nene na kumkumbuka baba na sahani yake ya managu ya vidole.

Na mama tuliongea kila Jumapili baada ya kanisa lao. Alinipa habari za ng'ombe, za bei ya majani, za nani ameoa. Kuhusu kisu hakusema kitu. Wiki ya kwanza nilisubiri aanze yeye. Wiki ya pili nikamuuliza kaka.

"Nilimpa mkononi," kaka alisema. "Nikamweleza hawaruhusu. Akasema sawa. Akakipeleka jikoni."

"Alionekana vipi?"

"Alionekana kama mama."

Nikaona labda ameumia. Labda aliona kama zawadi imerudishwa, au kama mtoto wake aliaibika mbele ya watu kwa sababu yake. Mara kadhaa maneno yalinifika mdomoni, lakini simu ina namna yake ya kufanya jambo dogo liwe kubwa na jambo kubwa lisisemeke. Tukaliacha. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukaongezeka, na katika kila simu ya video nilijaribu kuchungulia nyuma ya bega lake nione kama kile kisu kiko kwenye ubao. Alishika simu karibu sana na uso. Nilichoona kila mara kilikuwa paji lake la uso na kipande cha dari.

Nilipopata likizo ya kwanza ndefu nilikwenda nyumbani mwezi wa mvua. Nilifika mchana, nikala, nikalala, nikaamka. Siku ya pili nilimkuta mama nje ya jiko, kwenye kigoda, beseni la sukuma wiki magotini. Alikuwa anakata kwa kisu chake. Kilikuwa kimezidi kukonda, na mkono wake pia. Nilikaa kwenye ngazi nikaanza kumchambulia majani.

"Mama," nilisema, "siku ile ya ndege. Uliumia kisu kiliporudi?"

Hakuinua macho. Mboga ilikuwa ikianguka kwenye beseni bila sauti.

"Nani alikwambia niliumia?"

"Hujawahi kukitaja."

Akakata mshiko mzima kabla ya kujibu.

"Wewe ulikiomba nikakukatalia. Halafu nikaona, huyu anaenda mahali hakuna mtu anamjua. Nikasema nikupe. Lakini nikikupa mkononi nitalia, na wewe utalia, na gari inangoja. Ndiyo nikaweka chini ya ndizi." Akapangusa kisu kwenye sketi. "Siku ile mlitoka nilikata mboga na panga. Nilikaa hapa hapa na panga kama mwenda wazimu. Nilikuwa nawaza baba yenu akishuka kwenye treni. Sasa jioni kaka yako anakuja na kisu."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilifurahi," alisema, na hapo ndipo aliponitazama. "Nilifurahi sana. Halafu nikaona haya. Nitawezaje kukwambia kwenye simu, nimekupa kitu na nimefurahi umekosa?"

Nilitaka kucheka nikaona machoni mwake si jambo la kuchekwa. Miaka yote hiyo kila mmoja wetu alikuwa akimwonea mwenzake huruma kwa kisu kile kile. Nikajisogeza kwenye ngazi, nikakaa karibu naye mpaka mabega yakagusana, nikaendelea kuchambua.

"Sasa chukua," alisema baada ya muda. "Weka kwa sanduku, kaka yako afunge vizuri. Mimi macho si kama zamani. Ntanunua ile ya sokoni."

Nilikipokea. Kilikuwa na joto la mkono wake. Nilikunja majani, nikayabana kwa kidole gumba kama nilivyomwona akifanya maisha yangu yote, nikaanza. Kisu kilipita mbele ya kidole kikaleta nyuzi nyembamba, si nyembamba kama zake, lakini zilizofanana nazo. Nilikata mpaka beseni likajaa. Nilijua kabisa jinsi kingekaa ndani ya kadibodi pamoja na cha baba. Nilikitaka sana kuliko siku ya kwanza. Lakini nilijua pia mahali mkono wake ungekwenda kesho asubuhi, kule kati ya ubao na ukuta, na kukuta nafasi.

"Bado, mama," nilisema. "Kikae hapa kwanza."

"Pado?"

"Bado."

Alikichukua, akakitazama makali dhidi ya mwanga, akaenda kukinoa kwenye jiwe ingawa hakikuhitaji.

Nilikaa majuma machache. Nilichuma chai pamoja naye nikapitwa na wanawake wenye umri wake, nikanywa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, mpaka kaka akaniuliza kama nimemaliza kibuyu au bado, nikalala mchana mvua ikipiga mabati. Siku ya kuondoka tulikunywa chai asubuhi na mapema. Mchungaji hakuitwa. Mama alinishika kichwa kama mara ya kwanza, akasema maneno yale yale, kisha akavaa gunia lake la kujikinga na umande, akajifunga kikapu mgongoni.

"Lori la majani linakuja mapema leo," alisema. "Nyinyi nendeni."

Barabara inayotoka kwetu inashuka, inazunguka kilima, halafu inapita chini ya shamba letu. Kaka aliendesha polepole kwa sababu ya matope. Tulipofika pale chini nilimwona mama kati ya mistari ya chai, kitambaa chake cha njano, kiuno kikiwa ndani ya kijani. Alikuwa karibu, ningeweza kufungua kioo na kumwita. Mikono yake miwili ilikuwa ikienda juu ya majani na kurudi begani, kwenda na kurudi, na kichwa chake hakikuinuka ingawa lazima alisikia gari. Kaka alisogeza mkono kwenye honi, akanitazama.

Nilimwambia asipige. Nilitaka kumwona akifanya kazi yake mpaka kona ituzuie, na alifanya hivyo, na kona ikaja.